Kabla ya Kumtafuta Samaki, Hakikisha Nawe Utapatikana

*Hii ni hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wanachama wa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) waliokutana kujadili ununuzi wa vifaa vya elektroniki vya vyombo vyao. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria na kwa faida ya wale waliokuwa baharini siku hiyo.*

 

Najua baadhi yenu mnajiuliza mtu wa habari ana nini cha kuwaambia wavuvi kuhusu bahari. Mna haki ya kuuliza. Mimi nimesomea uandishi wa habari. Mkinikabidhi usukani kesho asubuhi, kufikia jioni mtakuwa mnanitafuta. Lakini vifaa mnavyotaka kununua, ukiviangalia vizuri, vingi ni vya kupeleka na kupokea habari: uko wapi, chini yako kuna nini, nani anakusikia. Hapo ndipo kazi yangu na yenu zinapokutana.

Kuna sababu nyingine, na hiyo lazima niseme ukweli. Miaka michache iliyopita niliandika habari katika jarida hili kuhusu kikundi kimoja kilichochangishana kikanunua mashine ya kutafutia samaki. Nilipiga picha nzuri. Nahodha ameshika kioo, mabaharia wanatabasamu, samaki wamejaa kwenye kreti. Watu walinipongeza kwa habari ile. Miezi kadhaa baadaye, wakati wa kusi, injini ya chombo kile ilizima nje ya mwamba jua likizama. Ndani walikuwa watu sita. Mmoja alipiga simu kwa nduguye: "Injini imezima, tuko nje ya mlango." Simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Usiku ule nilipigiwa mimi, kwa sababu namba yangu ndiyo iliyoandikwa chini ya taarifa za kaunti. Mama mmoja aliniuliza swali moja tu: "Wako wapi?" Sikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa nalo. Vyombo vilitoka kuwatafuta nje ya mlango, pale pale waliposema wako. Lakini wao hawakuwa pale tena. Nyinyi mnajua zaidi yangu kwamba mkondo wa pwani yetu huvuta kuelekea kaskazini, na wakati wa kusi huvuta kwa nguvu. Ukisukumwa maili mbili kwa saa, kwa saa kumi za usiku umekwenda maili ishirini. Walikutwa kesho yake mchana na wavuvi wa mbali, maji ya kunywa yamekwisha. Walirudi wote sita, alhamdulillahi. Mzee mmoja kati yao hajaingia tena chomboni mpaka leo.

Nahodha aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema ile mashine ya samaki iliendelea kuwaka usiku kucha. Ilimwonyesha kina cha maji chini yake, lakini haikuweza kumwambia mtu yeyote kwamba yuko pale. Nami nilipokwenda kuandika habari ile ya furaha, sikuwauliza kama wana redio. Halikunijia hata akilini. Kwa hiyo leo nimekuja kuuliza swali nililopaswa kuuliza siku ile.

Swali la kwanza dukani

Mwenye duka atakuuliza una pesa ngapi. Wewe, kabla ya kujibu, jiulize: kifaa hiki kitanifaa nini siku ambayo mambo yameharibika? Ukipima vifaa vyote kwa swali hilo, mpangilio wa kununua unajitokeza wenyewe. Cha kwanza ni kinachokuwezesha kujua ulipo na kurudi nyumbani. Cha pili ni kinachokuwezesha kusikika. Cha tatu ndicho kinachokusaidia kupata samaki. Sisemi samaki si muhimu. Samaki ndiye ada ya shule na unga wa jioni. Nasema tu kwamba samaki anahitaji mtu wa kumfikisha pwani.

Kujua ulipo: GPS

GPS haitegemei mtandao wa simu. Inapokea ishara kutoka kwa setilaiti, na ikipata angalau nne inakupa mahali ulipo kwa tofauti ya mita chache tu. Ndiyo maana hata simu yako ya kisasa inaweza kukuonyesha ulipo mahali pasipo na mtandao, mradi ramani umeihifadhi mapema na betri ipo. Shida ya simu ni hiyo betri, pamoja na maji ya chumvi na kioo kisichosikia kidole kilicholowa. Kwa hiyo simu iwe akiba, ndani ya mfuko usiopitisha maji. GPS ya mkononi yenye vitufe, inayotumia betri ndogo unazoweza kubeba za akiba kwenye mkebe, inafaa zaidi kwa mashua na ngalawa zetu kuliko kioo kikubwa kinachotegemea waya.

Ukishainunua, kazi yake ya kwanza isiwe kuhifadhi mahali pa changu na tewa. Hifadhi mlango wa mwamba. Hifadhi nanga ya nyumbani. Hifadhi kila mwamba unaoukwepa usiku. Na mfundishe angalau baharia mmoja zaidi kuitumia, maana nahodha naye anaweza kuugua au kuanguka majini.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu kosa hili linaweza kupoteza watu hata wakiwa na kifaa kizuri. GPS inaweza kuandika mahali ulipo kwa namna zaidi ya moja. Moja ni digrii na dakika. Nyingine ni digrii na desimali. Shimoni iko karibu na digrii 4 na dakika 39 kusini mwa ikweta. Kwa desimali, mahali hapo hapo panaandikwa 4.65. Mtu akipiga simu akasema "nne, thelathini na tisa", na anayesikiliza akaandika 4.39, atakuwa ameandika mahali pengine kabisa, digrii 4 na dakika 23 na kidogo. Dakika moja ya kusini au kaskazini ni maili moja ya bahari. Tofauti hapo ni zaidi ya maili 15, takriban kilomita 29. Wewe uko Shimoni, unatafutwa upande wa Gazi. Kwa hiyo kubalianeni kama kikundi: vyombo vyote na ofisi ya BMU vitumie namna moja, na kila anayesoma aseme wazi, "digrii nne, dakika thelathini na tisa, kusini."

Na dira msiitupe. Dira haina betri.

Kusikika: redio ya VHF

Redio ya baharini ya VHF ina jambo moja ambalo simu haina. Ukipiga simu, anasikia mtu mmoja, kama yuko macho. Ukiita kwenye chaneli ya 16, anasikia kila mwenye redio iliyofunguliwa kwenye chaneli hiyo katika eneo lile: chombo cha jirani, meli inayoelekea bandari ya Mombasa, na vituo vya nchi kavu vilivyo karibu. Mara nyingi anayeweza kukuokoa ni yule ambaye huna namba yake.

Redio hizi ziko za aina mbili. Ya mkononi kwa kawaida hutoa nguvu ya wati 5 au 6. Ya kufungwa chomboni hutoa hadi wati 25 na hutumia betri ya chombo. Lakini msidanganywe na wati peke yake. Mawimbi ya VHF huenda karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Kinachoamua umbali hasa ni urefu wa antena. Watu wawili walioketi kwenye vyombo vidogo, antena zikiwa mita 2 juu ya maji, watasikizana kwa maili 5 au 6 tu. Weka antena moja nchi kavu kwenye nguzo ya mita 20, na nyingine kileleni mwa mlingoti wa mita 6, na umbali unafika karibu maili 15. Wazee wetu walisimamisha mlingoti kwa ajili ya tanga. Leo mlingoti huo huo ni mali nyingine, maana wenye boti za plastiki zisizo na mlingoti hawana pa kuinua antena namna hiyo.

Kuna hatari moja dukani. Ziko redio za bei ndogo za mkononi, zile za walinzi na za shughuli za harusi, ambazo huuzwa kama "redio za mawasiliano". Nyingi haziwezi kufika chaneli ya 16 ya baharini, na hazistahimili maji. Muulize muuzaji aiwashe mbele yako, aiweke kwenye chaneli ya 16, na akuonyeshe kwenye karatasi kwamba ni masafa ya 156.8. Akishindwa, mshukuru uondoke. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Redio ya chomboni inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Msiuone huo kuwa usumbufu tu. Redio nyingi za kisasa zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikibonyeza, redio yenyewe hutuma wito wa dharura kwa chaneli ya 70, pamoja na namba ya chombo chako yenye tarakimu 9. Kwa vyombo vya Kenya namba hiyo huanza na 634. Lakini kitufe hicho hakina maana kama namba haijaingizwa, na kama redio haina GPS ndani yake wala haijaunganishwa na GPS, basi itasema unakufa bila kusema uko wapi. Kwa hiyo mnapoomba leseni, ulizeni pia kuhusu namba hiyo.

Na maneno ya kuita, wafundisheni vijana mpaka wayaseme usingizini. "Mayday" mara tatu. Jina la chombo mara tatu. Mahali mlipo. Kilichotokea. Mko watu wangapi. Kisha achia kitufe usikilize. Wengi husahau kuachia, na ukiwa umekibonyeza humsikii anayekujibu.

Kengele ya setilaiti

Kwa vyombo vinavyokwenda mbali, kule ambako redio haifiki, kuna kengele ya dharura ya setilaiti. Ya chombo huitwa EPIRB, na ya mtu mmoja huitwa PLB. Ukiiwasha, inatuma ishara ya masafa ya 406 kwenda kwa setilaiti, na ujumbe unafikishwa kwa kituo cha uokoaji kinachohusika. Mombasa tuna kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini, chini ya Mamlaka ya Masuala ya Baharini, KMA. EPIRB huendelea kutuma kwa angalau saa 48, PLB kwa angalau saa 24.

Ni ghali, sitawaficha. Lakini kikundi kinaweza kununua moja au mbili zikatunzwa ofisini, zikachukuliwa na chombo kinachokwenda mbali siku hiyo na kurudishwa. Mambo matatu ya kukagua: iwe imesajiliwa, ili wanaopokea ishara wajue wampigie nani, tarehe ya betri yake iwe haijapita, na isiwe ile ya zamani ya masafa ya 121.5 peke yake. Setilaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Mtu akikuuzia ya namna hiyo kwa bei ya huruma, amekuuzia taa.

Sasa tuje kwa samaki

Naona vijana wamekaa vizuri. Mashine ya kutafutia samaki hutuma sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi. Sauti husafiri ndani ya bahari kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, na mashine inahesabu muda wa kwenda na kurudi. Kwa hiyo kitu cha kwanza inachokupa si samaki, ni kina. Hilo pekee lina faida usiku karibu na mwamba.

Kabla ya kununua, jiulize mnavua wapi. Masafa ya kilohezi 200 yanaonyesha vizuri maji ya kina kifupi na cha wastani, kwa picha iliyo wazi. Masafa ya 50 yanashuka mbali zaidi, lakini picha yake si kali. Mvuvi wa madema na mishipi ndani ya mwamba hana haja ya kulipia nguvu ya kufika sakafu ya mkondo wa Pemba, ambako maji yanashuka mamia ya mita. Na anayekwenda huko nje, mashine ndogo ya 200 peke yake itamwonyesha kioo kitupu.

Jicho la mashine, lile linalokaa majini, ndilo linaloharibu kazi mara nyingi. Vyombo vyetu vingi ni vya mbao. Muuzaji atakwambia libandike ndani ya chombo. Hilo hufaulu kwenye faiba iliyo imara, lakini mbao huzuia sauti. Lazima jicho liguse maji. Njia nyepesi ni kulifunga kwenye mti unaoshushwa ubavuni ukifika mahali pa kuvua, na kupandishwa ukiondoka. Lisikae karibu na panga la injini, kwa kuwa mapovu ya hewa yanalipofusha.

Umeme ndio mzizi

Vifaa hivi vyote bila umeme ni mizigo. Hesabu tuifanye pamoja. Tuseme mashine ya samaki, redio ikiwa inasikiliza tu, na taa, vyote kwa jumla vinakula ampea 2. Mkikaa nje saa 12, mmetumia ampea-saa 24. Betri yenu ni ya ampea-saa 50. Mtasema imebaki nusu. Lakini betri ya kawaida ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukifanya hivyo mara kwa mara inakufa mapema. Kwa hiyo mmeshafika mwisho. Na redio ya kufungwa, unapozungumza kwa nguvu yote, inaweza kula ampea 5 au 6. Inakuhitaji uwe na akiba wakati ule ule ambao akiba imekwisha.

Basi fanyeni mambo manne. Betri ya vifaa iwe mbali na ya kuwashia injini. Kila kifaa kiwe na fyuzi yake. Viungo vya waya vipakwe grisi na kufunikwa, kwa sababu chumvi inakula shaba kimya kimya. Na mashine ya samaki izimwe wakati wa kurudi. Paneli ya sola ya wati 50, siku ya jua zuri, inaweza kurudisha ampea-saa 12 hadi 15, na hiyo ni msaada mkubwa. Juu ya hayo yote, redio moja ya mkononi iliyochajiwa ibaki kwenye mkebe mkavu, hata kama ya kufungwa ipo.

Mnapokwenda dukani

Msimtume mtu mmoja. Nendeni watatu: nahodha, kijana anayeelewa simu, na mweka hazina. Tafuteni alama ya IPX7 kwenye kifaa. Maana yake kinastahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Kama ni kifaa chenye ramani, hakikisheni ramani ya pwani ya Afrika Mashariki imo, si ya maziwa ya Marekani. Kiwasheni nje, juani, muone kama kioo kinasomeka. Pateni risiti na dhamana kwa maandishi, na muulize kikiharibika kinatengenezwa wapi. Kifaa cha mtumba si haramu, lakini kisinunuliwe kabla hakijajaribiwa majini.

Nani anasikiliza?

Namalizia kwa jambo ambalo halinunuliwi. Redio kumi baharini bila mtu wa kusikiliza pwani ni watu kumi wanaoongea peke yao. Kabla ya mashine ya samaki ya pili, nunueni redio ya ofisi ya BMU, yenye antena juu ya nguzo. Wekeni zamu. Wekeni daftari: chombo gani kimetoka, watu wangapi, kinakwenda upande gani, kinatarajiwa kurudi saa ngapi. Saa ikipita na hakijarudi, daftari liseme anaarifiwa nani: KMA, Walinzi wa Pwani, ofisi ya uvuvi ya kaunti. Mama karanga wako ufukweni kila jioni wakisubiri vyombo. Wao hujua kabla ya yeyote kwamba chombo fulani kimechelewa. Kwa nini zamu hiyo isiwahusishe? Naona mnatikisa kichwa. Andikeni basi kwenye kumbukumbu za kikao.

Leo mchana mtapiga kura jinsi ya kutumia akiba yenu. Ni pesa zenu, na mimi sina kura hapa. Wapo watakaosema redio haileti samaki, na watakuwa wamesema kweli. Mimi ombi langu ni moja. Kabla hamjainua mikono, kila mmoja amfikirie mtu wake mmoja aliye chomboni, halafu ajiulize: usiku simu ikikatika, na mama yake akaniuliza yuko wapi, nitakuwa na jibu?

Mwaka ujao nikija na kamera yangu, nitapiga tena picha ya kreti lililojaa samaki, kwa furaha. Lakini kwanza nitaomba kuliona lile daftari.

 Mungu awarudishe salama.